Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka huu tumehesabu mabehewa

Wanachama wenzangu, assalam aleikum, na salamu kwenu nyote wa Malindi, Mambrui, Gede, Watamu na wenzetu wa Lamu mnaosoma hii kwa simu. Hesabu za pesa atazisoma mweka hazina kwenye mkutano, michango imeingia vizuri, wenye deni mnajijua, tafadhalini lipeni. Mimi nataka tukae na jambo moja tu maana nimerudi nalo kutoka safari ya Dar na halijanitoka kichwani: reli ya umeme ikija huku kwetu tusishangilie nguzo na waya tukasahau kuuliza treni yenyewe itakuwa na mabehewa mangapi.

Safari tuliondoka watano, alfajiri, mpaka Mombasa tulikuwa watu kumi na wanane kwa gari la kumi na wanne, goti langu liko mbavuni mwa mama wa watu na kapu lake la maembe, halafu basi, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, tukafika Dar usiku tuko hoi. Kesho yake tukapanda mchongoko, ile treni ya umeme ya Tanzania, kwenda Dodoma. Jamani! Ile treni haina kichwa cha kuvuta, mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe, ndio maana inashika kasi mara moja, inafika kilomita 160 kwa saa na chai yako haimwagiki, na ikifika mwisho wa njia dereva anatembea tu mpaka upande wa pili anarudi nayo. Kabla hatujapanda Mzee wetu wa Shela aliipitia platifomu yote na tasbihi mkononi, kila behewa punje moja, akarudi akasema "manane". Manane kweli. Wenzetu wa Tanzania walinunua seti 10 za namna hiyo, yaani treni nzima nzima, kila moja mabehewa 8 na nafasi ya watu 589.

Nililopenda ni kwamba Juni 2024 walipoanza Dar mpaka Morogoro walianza na vichwa vya umeme vinavyovuta mabehewa ya kawaida, mchongoko ukafuata Novemba. Yaani hawakuweka mayai yote kapu moja. Maana seti urefu wake umefungwa, Idi ikija huwezi kuchomeka behewa la tisa, ama uunganishe seti mbili ziwe mabehewa 16 na platifomu iwe ndefu ya kutosha, ama watu wabaki nje. Treni ya kuvutwa na kichwa unaongeza behewa, ila kichwa nacho kina mwisho wa kuvuta na kukigeuza ni shughuli.

Uingereza wamepitia haya. Njia ya London kwenda magharibi treni mpya zilianza 2017, kuna za mabehewa 5 na za 9, waya ukachelewa mpaka zile zilizopangwa ziwe za umeme tupu zikawekewa na injini za dizeli, na ukiunganisha mbili za tano unapata kumi lakini huwezi kutembea ndani kutoka hii kwenda ile. Uskoti ndio walinivutia zaidi, baina ya Edinburgh na Glasgow na njia za jirani waliagiza seti 70, 46 za mabehewa matatu na 24 za manne, ukitaka saba unaunganisha tatu na nne, ukitaka nane nne na nne, na stesheni ya Queen Street ikarefushwa platifomu ili nane ziingie. Asubuhi treni ndefu, mchana fupi. Mimi mpango huu naupenda kuliko yote.

Sasa tufanye hesabu yetu, ni mfano tu. Tuseme Malindi hadi Mombasa treni ya dizeli inachukua saa moja na robo, robo saa ya kugeuza kila upande, mzunguko mzima saa tatu. Ukitaka treni kila nusu saa unahitaji seti sita, na moja iko karakana, moja akiba, nane. Umeme ukipunguza safari iwe saa moja, mzunguko unakuwa saa mbili na nusu, seti tano zinatosha njiani. Hapo ndipo mtu wa ofisini atasema tumeokoa seti moja, tusiinunue. Hapana! Ile pesa iende kurefusha zilizobaki, kwa sababu treni ikiwa ya haraka abiria wanaongezeka, na dereva ni yule yule mmoja, iwe mabehewa manne au manane.

Najua bandari ya Lamu gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na reli ya kwenda Isiolo bado iko kwenye mpango, na ya Mombasa hadi Nairobi tangu 2017 ni dizeli. Ndio vizuri kusema mapema, simenti ya platifomu ikishakauka kuirefusha ni gharama nyingine. Waraka wa chama chetu kuhusu reli unaomba platifomu za mabehewa manane tangu siku ya kwanza hata kama tutaanza na manne, na karakana yenye njia za urefu huo huo. Rasimu iko kwa katibu, mwenye neno amwandikie kabla ya mkutano.

Mzee wa Shela hakungoja. Juzi nimemkuta ufukweni na wajukuu wake wameshika kamba ya mashua, wanapima mita mia mbili mchangani, kila mita ishirini na tano kijana anachomeka kijiti.