Kamera Isiingie Chini ya Meza

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupeleka tamthilia za kale za vichekesho kwenye filamu ilikazia jambo moja: toeni wahusika sebuleni, wapelekeni bustanini, sokoni, barabarani. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Kichekesho cha jukwaani hakifi kwa kubanwa ndani ya chumba. Kinakufa pale kamera inapoanika kitu ambacho mwandishi alikificha makusudi.

Tuchukue Tartuffe ya Molière, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, iliyochezwa kwanza mwaka 1664, ikapigwa marufuku, na kuruhusiwa rasmi 1669. Katika sehemu ya nne, Orgon amejificha chini ya meza ili asikie mwenyewe jinsi mgeni wake Tartuffe, anayejifanya mcha Mungu, anavyomtongoza mkewe, Elmire. Elmire anakohoa kumpa mumewe ishara atoke. Kimya. Anaendelea kukohoa, hadi Tartuffe anamkaribisha kitu cha kumumunya alainishe koo. Hapo ndipo mwongozaji wa filamu anapowashwa mikono: akate, ashuke chini ya meza, tuone uso wa Orgon ulivyovimba kwa hasira. Akishafanya hivyo ameua kila kitu. Kicheko chote kimo katika kutojua. Kasinzia? Kazimia? Anasubiri ushahidi gani zaidi?

Kamera iwekwe mahali ambapo Elmire, Tartuffe na kitambaa cha meza vinaonekana pamoja katika picha moja pana, pindo la kitambaa likionekana mpaka sakafuni. Ukikata picha magotini, meza inageuka fanicha tu. Picha za karibu ziwe za Elmire peke yake, mbili au tatu, kila moja mara baada ya kikohozi. Kitambaa kikitikisika, kitikisike mara moja, na Tartuffe asikione. Uso wa Orgon usubiri hadi Tartuffe atoke kwenda kukagua ujia; mume anachomoza, na mkewe anamwambia mbona katoka mapema hivyo, arudi chini!

Mtego wa pili uko mwanzoni kabisa. Orgon amerudi baada ya siku mbili, na Dorine, mtumishi, anamweleza kwamba Elmire alishikwa na homa na kuumwa kichwa. "Na Tartuffe?" anauliza. Anajibiwa kwamba Tartuffe kala kwale wawili na nusu ya paja la kondoo. "Maskini!" anasema Orgon. Mzunguko huo unarudi mara nne. Mwandishi wa skripti anaona hapo nafasi ya dhahabu ya kutuonyesha mlo wenyewe. Asiiguse. Kwale wakionekana kwenye sahani tutamcheka Tartuffe, na Molière anataka tumcheke Orgon; ndiyo maana Tartuffe haingii jukwaani hadi sehemu ya tatu. Kamera ibaki usoni mwa Orgon. Wala mara nne zisipunguzwe ziwe mbili kwa kuokoa sekunde: ya kwanza inashangaza, ya pili inamshtua mtazamaji kwamba kuna mchezo, na ya tatu na ya nne anazisubiri yeye mwenyewe.

Kupunguza kupo, hakukwepeki. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa dakika moja, na tamthilia ya sehemu tano haiingii kwenye kurasa mia moja bila kisu. Anza mwishoni urudi nyuma: kila panapochekesha, tafuta mstari uliokiandaa kicheko hicho na uutie alama. Mistari yenye alama haikatwi hata ikionekana baridi. Hotuba ndefu za maadili za shemeji Cléante zinavumilia kisu vizuri zaidi.

Halafu kuna vicheko vyenyewe. Jukwaani mwigizaji anasubiri watu wamalize kucheka. Kwenye filamu hawezi. Ukiacha kimya kitupu, mtu anayetazama peke yake nyumbani ataona pengo, na ukikimbilia mstari unaofuata, ukumbi uliojaa hautausikia. Jaza nafasi hiyo kwa kitendo kisicho na maneno, sekunde mbili tatu: mtu anafunga mlango, anaokota kofia. Marx Brothers, wachekeshaji wa Marekani, walizunguka majukwaani na vipande vya A Night at the Opera kabla ya kuirekodi filamu hiyo ya 1935, wakipima urefu wa vicheko mbele ya watu. Usomaji mmoja wa skripti mbele ya watu thelathini wasioijua hadithi unaweza kukupa vipimo vya kuanzia.

Kilichobaki ni mwisho, ambao makala yenu haikuugusa. Ofisa wa mfalme anaingia na kumkamata Tartuffe badala ya Orgon, na kwenye filamu hilo linaonekana limedondoka kutoka mbinguni. Sehemu ya tatizo ni kasha la nyaraka za siri ambalo Tartuffe analitumia kumshtaki Orgon kwa mfalme, linalotajwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa sehemu ya nne. Liwekwe juu ya kabati ndani ya dakika kumi za mwanzo, mtu yeyote asilitaje, na Tartuffe aliangalie mara moja anapopita.

Mwandishi wa skripti