Marehemu afunikwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Nanunua gazeti lenu tangu nikiwa binti wa kushona vifungo pale Mwanjelwa, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ya ile makala yenu ya ndege ndogo zilizogonga majengo.

Ile ya New York ya Oktoba 11, 2006 mliieleza vizuri. Ndege ya injini moja, Cirrus SR20, iligonga ghorofa la makazi karibu na East River. Ndani alikuwamo Cory Lidle, mchezaji wa besiboli wa Yankees, umri wake miaka 34, pamoja na mwalimu wake wa urubani. Wote wawili walifariki. Lakini kabla hawajatambuliwa, watu walishasema ni magaidi, ndege za kivita zikarushwa juu ya miji kadhaa, na bei za hisa zikayumba. Milan nako, Aprili 18, 2002, ndege ndogo ilipoingia kwenye jengo la Pirelli wakafa watu watatu, Rais wa Seneti ya Italia mwenyewe alitangulia kusema inaelekea ni shambulio. Nawaelewa kwa kiasi fulani, maana yale mashambulio ya ndege ya Septemba 11, 2001 kule Marekani yalikuwa bado kidonda kibichi. Wachunguzi wa Marekani walipomaliza kazi, ikaonekana wale wawili wa New York walikuwa wakigeuza ndege kwenye nafasi finyu juu ya mto, upepo wa mashariki ukiwasukuma kwenye majengo, na kona yenyewe hawakuipanga vizuri. Basi.

Ninachowalaumu ni kwamba nusu ukurasa mmeujaza maneno ya watu: nani alidhani nini, nani alisema nini. Yule mwalimu wa urubani amepata neno moja tu. Pale Kabwe, kwenye meza ya magazeti, kijana mmoja aliisoma makala hiyo kwa sauti, wenzake wakacheka, mwingine akasema yule mchezaji hela zilimponza, si angepanda basi. Niliwaangalia tu, nikaondoka na gazeti langu.

Mdogo wangu alikuwa utingo wa lori la mizigo ya Tunduma. Breki zilikataa kwenye mteremko wa Iwambi, lori likaacha barabara, likabomoa ukuta wa duka, kichwa cha lori kikaingia mpaka kwenye kaunta. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za kwaya. Simu ikalia. Kilikuwa kikundi chetu cha vikoba, mtu ametuma picha na chini yake ameandika, "Iwambi tena jamani." Sura haikuonekana vizuri. Nilimtambua kwa shati, kwa sababu kola ile niliigeuza kwa mikono yangu wiki mbili kabla. Mama yetu kule Tukuyu alionyeshwa picha hiyohiyo na jirani aliyetaka tu kumuuliza kama anamfahamu huyo mtu. Nilipofika Iwambi, watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za barabara, simu juu, na mdogo wangu amelala chini bila hata kipande cha nguo juu yake. Nilifungua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikapiga magoti nimfunike. Kijana mmoja nyuma yangu akaniambia, "Mama, sogea kidogo." Alikuwa anapiga video. Na maneno yalishaanza: wengine wanasema dereva amelewa, wengine wanaapa kwamba tajiri ametoa kafara ili malori yake mengine yapate mzigo. Dereva mwenyewe, amevunjika miguu yote miwili, alikuwa hajafika hata hospitali. Baadaye trafiki walitueleza kwamba mpira wa upepo wa breki ulipasuka. Habari hiyo hakuna aliyeituma kwenye kikundi. Mpaka leo wapo wanaopita dukani kwangu na kunong'ona kafara.

Tena lori lile lilibeba sukari. Wakati namfunika marehemu, watu walikuwa wanapita pembeni yangu na mifuko mabegani! Hapo ndipo nashindwa kutuelewa. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa moto baada ya kukimbilia mafuta ya lori lililopinduka. Nchi nzima ililia. Na bado huku kwetu lori la mafuta likilala, madumu yanatoka majumbani kabla ya majirani kuuliza kama dereva yuko hai. Halafu nakumbuka Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ilipotumbukia ziwani na watu 43. Walikufa 19, lakini waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kwa hiyo msiniambie ndivyo Watanzania tulivyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na inakataza kusambaza uongo. Sijaona imsaidie mama yangu. Mimi naomba kitu ambacho fundi cherehani anakijua. Kila kijiwe cha bodaboda kuanzia Uyole mpaka Mbalizi kiwe na mashuka mawili ya kufunikia, yatunzwe na mwenyekiti wa kijiwe. Kitambaa kiwe kaki nzito, buluu iliyoiva, urefu mita mbili na nusu, upana mita moja na nusu, na kila kona iwe na tanzi la kupitisha jiwe au kijiti, kwa sababu upepo wa Iwambi unafunua. Wa kwanza kufika amfunike marehemu, kisha wasimame wanne wakimpa mgongo mpaka polisi waje. Na nyinyi kwenye gazeti lenu, jina la marehemu na la aliyekufa naye yatangulie, maneno ya watazamaji yafuate kama nafasi imebaki.

Kaki nimenunua kwa fedha yangu, mashuka manane yako tayari na mengine kumi na mawili nimeshayakata. Wenyeviti wa vijiwe waje Mwanjelwa wayachukue, bure. Waanze wa Iwambi.

Fundi cherehani,
Mwanjelwa, Mbeya