Barua kwa Mwanangu: Waliowafungulia Mlango Madikteta

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Katika barua yako umeniuliza ilikuwaje watu kama Mussolini na Hitler wakapata nguvu za kuiburuta dunia nzima vitani, na kama kulikuwa na yeyote aliyeweza kuwazuia. Nakujibu kwa urefu kwa sababu sitaki uamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba walikuwa mafuriko yasiyozuilika. Walizuilika. Waliingia kwa milango iliyofunguliwa na watu wenye vyeo, na kila aliyefungua alikuwa na hesabu zake.

Anza na Italia. Mwishoni mwa Oktoba 1922, wafuasi wa Mussolini waliovalia mashati meusi walikuwa wakielekea Roma, wengi wao wakiwa hawana silaha za maana mbele ya jeshi la serikali. Waziri Mkuu Facta alimpelekea Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu amri ya kutangaza hali ya hatari, na mfalme akakataa kuitia saini. Badala yake akamwita Mussolini aunde serikali, naye akasafiri kutoka Milan kwa treni, akafika Roma kupokea alichokwisha kupewa.

Ujerumani ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huko kila hatua ilipitia kwenye karatasi na mihuri. Mwaka 1928 chama cha Hitler, cha Nazi, kilikuwa na viti 12 tu bungeni. Kisha ukaja mdororo wa uchumi, viwanda vikafungwa, na kufikia mwanzoni mwa 1932 watu wapatao milioni 6 walikuwa hawana kazi. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo Wanazi wakapata viti 230. Lakini angalia jambo ambalo husahaulika: uchaguzi uliporudiwa Novemba, viti vyao vilishuka hadi 196. Chama kilikuwa kinarudi nyuma. Hawakuwahi kupata nusu ya kura katika uchaguzi wowote uliokuwa huru. Ni hapo ndipo Franz von Papen, mwanasiasa aliyekuwa amepoteza ukansela, yaani ukuu wa serikali, na aliyetaka kurudi karibu na madaraka, alipomshawishi Rais Hindenburg amteue Hitler, akiwahakikishia wenzake kwamba watamdhibiti. Januari 30, 1933, Hitler akaapishwa kuwa Kansela katika baraza lililokuwa na Wanazi watatu tu, yeye mwenyewe akiwamo. Wenzake wakadhani idadi yao ingetosha kumbana.

Haikupita hata miezi miwili. Jengo la bunge liliungua usiku wa Februari 27, na kesho yake Hindenburg akatia saini amri iliyofuta uhuru wa kusema, wa kukutana na wa magazeti, ikaruhusu pia watu kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Machi 23 wabunge wakakutana katika jumba la opera la Kroll, askari wa chama cha Nazi wakiwa wamejipanga ukumbini na kwenye korido, ili wapigie kura sheria ya kuipa serikali mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wakomunisti hawakuruhusiwa kuingia. Wengi walikuwa wamefungwa au wamejificha. Otto Wels, kiongozi wa Wasoshalisti wa Kidemokrasia, alisimama akasema kwamba wanaweza kunyang'anywa uhuru na uhai, lakini si heshima yao. Wabunge 94 wa chama chake walipiga kura ya hapana. Waliosema ndiyo walikuwa 444, na miongoni mwao walikuwamo wa chama cha Wakatoliki, walioridhika na ahadi za mdomo za Hitler. Kufikia katikati ya Julai chama chao hakikuwapo tena, wala chama kingine chochote isipokuwa cha Nazi. Mimi humfikiria Wels kila ninaposikia mtu akisema kwamba wakati ule hakuna aliyejua.

Nje ya mipaka mambo yalikwenda vivyo hivyo, na hapa habari inatufikia sisi. Oktoba 3, 1935, Mussolini aliivamia Ethiopia, nchi mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, na ndege zake zikamwaga gesi ya sumu juu ya askari na raia. Shirikisho liliiwekea Italia vikwazo, lakini mafuta hayakuwamo, na Mfereji wa Suez uliachwa wazi kwa meli zilizobeba majeshi yake. Uingereza na Ufaransa ziliogopa kumsukuma Mussolini upande wa Hitler, na mwishowe akaenda huko huko. Wakati wakibishana, Hitler aliingiza jeshi lake katika eneo la Rhine, sehemu ya Ujerumani ambayo mkataba ulikataza isiwekwe jeshi, Machi 1936, bila kupigwa hata risasi moja. Juni 30 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alisimama mbele ya wajumbe wa Shirikisho huko Geneva kuomba haki ya nchi yake. Siku chache baadaye wakapiga kura kuviondoa vikwazo. Yaliyofuata Munich mwaka 1938, pale Chekoslovakia ilipokatwa vipande bila yenyewe kuwapo mezani, yalikuwa ni kurudia kile ambacho Waethiopia walikuwa wamekwisha kukionja.

Gharama ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Mwaka 1941 vijana wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la Waafrika, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walipigana kuwatoa Waitalia Ethiopia, na wengi wakapelekwa baadaye katika misitu ya Burma. Watawala wao hawakuwa wamewapa kura, si kwa ajili ya vita wala kwa jambo jingine lolote, nao ndio waliozikwa mbali na kwao kwa saini zilizotiwa, na zilizokataliwa kutiwa, Roma, Berlin na Geneva.

Ukimaliza mitihani niandikie unavyomwona Hindenburg. Mimi nashindwa kumsamehe, lakini nataka kuisikia hoja yako kabla sijaihukumu.

Mama yako akupendaye.