Risiti ya spea iandikwe mtengenezaji na namba

Mhariri,

Kila gari la abiria linapokosa breki kwenye miteremko ya huku kwetu, ushauri tunaopewa sisi wenye matatu ni ule ule: nunueni spea orijino. Nina matatu ya viti 14, Toyota HiAce, inayofanya kazi ya Molo hadi Nakuru kupitia Elburgon na Njoro. Spea nanunua mwenyewe, simtumi dereva wala fundi. Ushauri huo hautusaidii sana.

Toyota yenyewe haitengenezi kila kitu kilichomo garini. Denso ilikuwa idara yake hadi ilipotengwa mwaka wa 1949, na mpaka leo inaiuzia vifaa vya umeme. Mara nyingi ukiikuta alternata ya Denso kwenye boksi la Denso lenyewe, bei ni nafuu kuliko ikiwa kwenye boksi la Toyota. Vilevile boljointi (viungo vinavyoshikilia magurudumu ya mbele) za chapa ya 555 kutoka Japani si za Toyota, lakini mafundi wengi wanaziamini.

Kwa hivyo mimi huchagua kifaa kwa kifaa. Waipa, filta ya hewa, taa ya nyuma: ya kampuni nyingine inatosha. Mlango au kioo cha pembeni nachukua kilichotumika Japani. Lakini mpira au breki iliyotumika siichukui hata nikipewa bure, maana mpira huzeeka hata ukikaa tu. Mkanda wa taimingi nao sifanyi nao mchezo. Ukikatika kwenye dizeli kama yangu, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha.

Pedi za breki ndizo zinazoninyima usingizi. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Nakuru ni kama 1,850. Alfajiri gari limejaa, magunia ya viazi yako kwenye keria, na dereva anashuka akikanyaga breki kila kona. Pedi hafifu zikishapata moto haziumi tena. Pedali iko juu, ngumu, mguu umekakamaa, na gari linazidi kwenda.

Mwaka huu nililipa bei ya orijino katika duka moja mjini Nakuru. Boksi lilikuwa safi, na namba imeanza na 04465 kama inavyotakiwa kwa pedi za mbele za Toyota. Fundi wangu, kabla hajafunga, alizipanga zote nne juu ya ubao. Mbili zilikuwa nene kuliko wenzake, na kwenye moja gundi ilikuwa imevuja ukingoni ikakauka. Nilizirudisha siku hiyo hiyo. Mwenye duka akaisoma risiti yangu, “brake pads, set 1”, akasema pedi hizo hazikutoka kwake. Ningemjibu nini? Risiti haikutaja kampuni wala namba.

Na boksi safi si ajabu. Kwenye gereji tunayotengenezea huja kijana na gunia, akitafuta maboksi matupu. Si yote, anataka ya orijino tu, na anayalipia. (Yangu nayachana mbele yake, naye hununa.) Sijawahi kusikia boksi tupu likitengeneza gari, kwa hivyo wanaoyanunua wanajua wanachoyajazia.

Sheria dhidi ya bidhaa ghushi tunayo tangu 2008, ila mnunuzi asiye na ushahidi haimfai kitu. Ninachoomba hakihitaji sheria mpya bungeni. Serikali ya Kaunti ya Nakuru ndiyo inayotoa vibali vya biashara kwa maduka haya. Iweke sharti kwamba risiti ya spea ionyeshe jina la mtengenezaji, namba ya kifaa, na kama ni kipya au kimetumika. Anayeuza ya bei nafuu aiandike hivyo, na hatakosa wateja. Mimi mwenyewe nitakuwa mmoja wao. Anayeandika Toyota na kutoa kitu kingine atakuwa ameweka uongo wake kwenye karatasi yenye muhuri wa duka lake.

Nimewaeleza baadhi ya wenye maduka jambo hili, wakalalamika kwamba kuandika namba kutawachelewesha wateja kaunta. Namba ya Toyota ina tarakimu na herufi kumi.

Mwenye matatu,
Elburgon, Kaunti ya Nakuru