Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha michezo, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini, asanteni kwa kuujaza ukumbi jioni ya baridi kama hii. Hesabu namwachia mhazini, atazisoma mwenyewe. Mimi naanza na mtoto.

Wengi mnamfahamu, yule wa miaka 12 aliyefika hapa Liège, Ubelgiji, na mama yake kutoka Bukavu kwa njia ya Bujumbura. Tangu Agosti alikuwa akifanya mazoezi na timu ya watoto ya klabu moja ya jirani. Kocha alimpenda. Lakini kila Jumamosi mechi ikikaribia alivua kizibao cha mazoezi, akakikunja, akamrudishia kocha, akaenda kusimama nyuma ya kamba pamoja na wazazi, kwa sababu hakuwa na leseni ya kucheza mechi. Mvua ikinyesha alisimama palepale. Mama yake aliniambia kwamba njiani kurudi nyumbani hakuwa akitoa neno.

Hapakuwa na mtu mwenye chuki katika jambo hili, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Ibara ya 19 ya kanuni za uhamisho za FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Iliwekwa kwa sababu vijana wetu waliletwa Ulaya na mawakala wa uongo, wazazi wakauza shamba au ng'ombe ili kulipia safari, kisha jaribio likishindikana kijana akaachwa mjini bila tiketi ya kurudi. Ni kanuni hiyohiyo iliyoifanya hata Barcelona ifungiwe kusajili mwaka 2014. Ila wavu uliotegwa kwa ajili ya wakala unamnasa pia mtoto aliyemfuata mama yake. Kanuni yenyewe inamruhusu mtoto ambaye wazazi wamehama kwa sababu zisizohusiana na mpira, na inamruhusu mkimbizi. Lakini lazima uthibitishe, na kuthibitisha ni kwa karatasi.

Mama alikuja kwangu na mfuko wa plastiki wa dukani uliokunjwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na maisha yao yote: cheti cha kuzaliwa, barua ya manispaa, barua ya shule, picha ndogo za pasipoti. Cheti cha Bukavu kilitanguliza jina la babu, karatasi ya manispaa ya hapa ikaliweka mwisho na kulikosea herufi moja. Kwa herufi hiyo na mpangilio huo faili lilirudishwa mara mbili. Chama kililipia mtafsiri aliyeapishwa, na katibu wetu akaandika barua tatu kwa Kifaransa safi kuliko changu. Leseni ilitoka Novemba. Jumamosi iliyofuata mtoto aliingia kipindi cha pili, beki wa kulia, akarusha mpira mara mbili na kuokoa mmoja. Nilikuwepo.

Niliwaahidi mwaka jana kwamba nitasoma na kuwaeleza sheria za michezo za Ulaya zinatuhusu vipi sisi. Nimesoma. Na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba tunaishi katika bonde ambalo sheria hizo zimezaliwa. Mkitoka hapa mkaufuata mto Meuse kuelekea unakotoka, mtafika Seraing. Panda treni, utafika Charleroi. Na hapahapa Liège ndipo alipochezea Jean-Marc Bosman.

Mwaka 1990 mkataba wa Bosman na RFC Liège ulikwisha. Klabu ikampa mkataba mpya wa faranga 30,000 kwa mwezi, wakati wa zamani ulikuwa 120,000. Akataka kwenda Dunkerque, Ufaransa, lakini klabu yake ikadai ada ya uhamisho kwa mtu ambaye haikuwa na mkataba naye tena, na safari ikafa. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Bosman alikataa kuliamini hilo. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyopo Luxembourg, ilisema mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja bila ada, na kwamba vilabu haviwezi kuwekewa idadi ya juu ya raia wa nchi nyingine za Umoja. Desemba 2025 hukumu hiyo ilitimiza miaka 30. Yeye mwenyewe kesi ilimmalizia miaka mitano ya kucheza, miaka ambayo mchezaji hairudishi. Naomba vijana walijue jina lake.

Kisha Lassana Diarra, mchezaji wa Ufaransa. Klabu yake ya Urusi, Lokomotiv Moscow, ilivunja naye mkataba mwaka 2014, akaamriwa kuilipa fidia ya euro milioni 10.5. Klabu ya Charleroi ilimtaka, lakini kanuni za FIFA zilisema klabu mpya itabeba deni hilo pamoja naye, na kibali cha uhamisho kinaweza kuzuiwa. Nani angemsajili mtu mwenye mzigo kama huo? Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ya Luxembourg ilisema kanuni hizo zinakwenda kinyume na uhuru wa mfanyakazi kuhama na kinyume na sheria za ushindani.

Na Seraing, kesi iliyonishughulisha kuliko zote. Klabu hiyo iliingia mkataba na kampuni ya uwekezaji iliyonunua sehemu ya haki za kiuchumi za wachezaji wake. FIFA ilikwisha kupiga marufuku biashara hiyo, ikaiadhibu klabu. Niseme wazi: biashara ya mtu wa nje kumiliki asilimia fulani ya mchezaji siipendi, na sisi tunaotoka pwani na bara ya Afrika Mashariki tunajua vizuri kwa nini binadamu hagawanywi mafungu. Kwa hiyo moyo wangu haukuwa upande wa Seraing. Lakini sikilizeni walichokuwa wakiuliza. Rufaa yao ilikwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Lausanne, Uswisi. Mwanamichezo au klabu haichagui kwenda huko. Ukitaka kushiriki, unasaini. Ukishindwa huko, unakwenda mahakama kuu ya Uswisi, ambayo huuangalia uamuzi kwa tundu la sindano. Baada ya hapo mlango umefungwa. Tarehe 1 Agosti 2025 Luxembourg ilisema haitoshi: majaji wa nchi za Umoja lazima waweze kuuchunguza uamuzi wa Lausanne na kuona kama unalingana na misingi ya sheria ya Umoja. Hata aliyekosea ana haki ya kusikilizwa na hakimu wa kweli. Nimeisoma hukumu hiyo mara mbili, na mara ya pili nilibadilisha mawazo yangu.

Wiki chache kabla, tarehe 10 Julai, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg ilitoa hukumu ya mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini. Ndugu zetu wa Burundi na Kenya, hii ni yenu pia. Fainali ya mita 800 ya Rio mwaka 2016 alishinda Semenya, wa pili Francine Niyonsaba wa Burundi, wa tatu Margaret Wambui wa Kenya. Nakumbuka nyumba fulani ya Warundi hapa Liège tulivyopiga vigelegele usiku ule. Kanuni mpya za riadha zikawataka wanawake wenye kiwango cha juu cha homoni ya testosteroni kwa maumbile waishushe kwa dawa, la sivyo wasikimbie kuanzia mita 400 hadi maili moja, na wote watatu wakaikosa mbio yao. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb mwaka 2021. Mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa kwa mbio zote.

Majaji wa Lausanne, wawili dhidi ya mmoja, walikiri mwaka 2019 kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha wakasema ubaguzi huo ni wa lazima ili kulinda mashindano ya wanawake. Strasbourg haikuamua kama kanuni ni za haki. Ilisema malalamiko ya ubaguzi na ya faragha hayako chini ya mamlaka ya Uswisi. Ilichosema ni kwamba mahakama ya Uswisi haikuichunguza kesi yake kwa kina kilichostahili, na kwa hiyo haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa. Uswisi ikaamriwa kumlipa euro 80,000 za gharama.

Kuna dada zetu wakimbiaji humu ndani wanaoona kanuni zile zinawalinda. Tumezungumza, nimewasikiliza, na hoja yao si ya chuki. Mimi nabaki na swali la mwanamke aliyekimbia kwa mwili aliozaliwa nao, akaambiwa ameze vidonge, akazunguka mahakamani miaka saba, na mwisho akaambiwa tu kwamba waliomsikiliza hawakumsikiliza vya kutosha.

Sasa kuna jambo halipendezi kulisema, lakini mwenyekiti asiposema atasema nani? Milango hii haijafunguliwa kwa wote sawasawa. Mwaka 2019 Mwitaliano mmoja aliyekuwa akiishi Berlin tangu 2003, mkimbiaji wa ridhaa wa kundi la wenye umri mkubwa, alishinda Luxembourg hoja yake dhidi ya kanuni iliyomzuia kushindana kwa usawa katika ubingwa wa taifa wa Ujerumani kwa kuwa si Mjerumani. Hukumu nzuri sana, inasema michezo ya ridhaa ni njia ya mtu kuunganika na jamii anayoishi. Lakini imejengwa juu ya uraia wa Umoja. Mkimbiaji wetu wa miaka 47 mwenye pasipoti ya Tanzania, aliyeishi hapa muda mrefu na kulipa kodi zote, haimshiki mkono. Hati ya Michezo ya Ulaya, iliyofanyiwa marekebisho na Baraza la Ulaya mwaka 2021, inasema michezo ni kwa wote. Ni maneno mazuri ya kumwonyesha diwani unapoomba uwanja, na tumeyatumia hivyo. Ila hakimu hawezi kulazimishwa nayo.

Mwezi Juni tulialikwa mashindano upande wa Lille, Ufaransa. Timu ya akina dada ilikuwa na wachezaji wanne wanaovaa mtandio. Sheria za mpira duniani zimeruhusu kufunika kichwa tangu 2014, na hapa kwetu hatujawahi kupata shida. Lakini Shirikisho la Soka la Ufaransa linakataza alama za dini katika mashindano yake, na tarehe 29 Juni 2023 baraza kuu la sheria za utawala la Ufaransa lilisema lina haki ya kukataza. Waandaji, watu waungwana kabisa, walitupigia simu kutuomba radhi. Nahodha aliitisha kikao kwenye maegesho ya magari ya uwanja wa mazoezi. Walioweza kucheza walisema: tukienda tunakwenda wote. Hatukwenda. Nauli ya basi dogo tulirudishiwa nusu. Uamuzi ulikuwa wao, na kamati iliuheshimu.

Kuhusu uadilifu wetu wenyewe nitakuwa mfupi. Mwezi Mei mtu asiyefahamika alimfuata kipa wetu baada ya mechi ya kirafiki, akamuuliza kama bao la dakika za mwisho "linaweza kupangwa". Kipa alinipigia usiku uleule, nasi tukatoa taarifa. Asidhani mtu kwamba mechi ndogo haziwindwi. Mwaka 2018 polisi wa Ubelgiji walivamia vilabu nchi nzima kwa tuhuma za mawakala na upangaji wa matokeo. Kuanzia sasa mchezaji, kocha au kiongozi wetu haruhusiwi kuweka dau kwenye ligi anayoshiriki.

Na fedha za jezi. Mwaka 2024 kamati iliyoongozwa na mimi ilinunua jezi bila kutunza risiti zote. Hakuna aliyekula, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hakuna aliyekula, na hilo ni kosa langu. Mwaka huu kila euro ina risiti, na daftari liko pale mezani. Lifungueni.

Kamati inawaomba ridhaa ya mambo mawili. Kwanza, sehemu ya ada itengwe kwa tafsiri za vyeti vya watoto, kwa sababu tayari kuna wengine wawili wanaosubiri leseni, mmoja kutoka Lubumbashi na mmoja kutoka Kigoma. Pili, tupate mjumbe wa kusindikiza kila mwanachama anayeitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya ligi, asikae peke yake mbele ya watu watatu wanaozungumza haraka. Mwalimu wetu wa Kifaransa amejitolea, tukimkubali.

Wazazi wa watoto hao wawili, njooni kwa katibu kabla hamjaondoka, na mje na vyeti halisi, siyo nakala. Sasa namkaribisha mhazini.