Barua kwa Mwanakombo: Mpigie Shangazi kabla ya Jumamosi

Dadangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Idd mubarak, wewe na shemeji na watoto. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti la Bibi limerudi na mvua. Jana nimekupigia hupatikani, na jambo lenyewe halingoji: nataka umpigie Shangazi kabla ya Jumamosi.

Nyinyi huko Tanga mna Idd Mosi na Idd Pili. Sisi huku Nairobi tunapewa siku moja, na mwaka huu ikaangukia Jumatatu. Tukaswali Sir Ali Muslim Club, tukarudi Pumwani, nyumba nusu tupu. Zuhura zamu wodini. Mjomba na lori lake kwenye foleni ya mpakani Malaba. Hassan kazini kwake walimpa ruhusa ya kuswali tu. Bibi alikuwa ametoa masinia yote. Chakula kikabaki, tukawapelekea majirani.

Jioni nikamkuta Bibi na fundo kwenye pindo la leso: noti za mia mpyampya, alimtuma Swaleh akambadilishie, mkono wa Idd wa vitukuu. Nikamwambia nizitume kwa M-Pesa. Akanitazama. "Mtoto hubusu mkono, habusu simu." Fundo hilo hajalifungua hadi leo.

Basi tukakubaliana kwenye grupu: Jumamosi, wote, kwa Bibi, tule Idd pamoja. Michango imeingia vizuri, hata ya Swaleh! Nyama nitaifuata soko la Burma alfajiri.

Shangazi ndiye amegoma. Anafunga sita za Shawwal, alianza Jumanne na anataka azifululize hadi Jumapili, kwa hivyo mchana hawezi kukaa kwenye sinia. Hilo halikunisumbua: tukaisogeza iwe magharibi, afuturu nasi, na kumbe waliofunga ni wengi. Lakini bado hataki. Anasema tukiwazoesha watoto kwamba Idd hungoja wikendi, watakuja kuiacha siku yenyewe. Hilo silidharau, Mwanakombo. Wapo watu hapa hapa mjini ambao siku ya Idd wanalala hadi adhuhuri.

Ila sisi swala hatukuisogeza. Zaka ya fitri ilitoka kabla ya swala, pishi kwa kila kichwa, hata ya kichanga cha Hassan. Hayo hayana Jumamosi. Tulichosogeza ni sinia na kutembeleana, na kuunga udugu hakukuwekewa tarehe. Hata Idd kubwa, aliyekosa kuchinja siku ya kumi ana siku tatu za tashriki mbele yake. Nikamweleza yote haya kwa adabu. Akanijibu, "Alifu nimekufunza mimi." Kweli alinifunza, na wewe pia, lakini wewe ndiye uliyekuwa kipenzi chake katika chuo cha Kurani. Ukimwambia neno, hulilalia na kuamka nalo.

Halafu kuna pilau. Mama Swaleh anajua kupika, sikatai. Lakini Shangazi vitunguu huvikaanga hadi uone vinaungua, hataki kuambiwa, ndipo aweke nyama, ndipo bizari aliyoitwanga mwenyewe, na mwisho anapalia makaa juu ya kifuniko na kumfukuza kila mtu. Akiwa amefunga haonji, na chumvi haimkosi. Mke wa Hassan hajawahi kuila hiyo pilau. Hata hivyo asipopika si kitu, mradi aje. Dada za baba amebaki yeye peke yake, na mimi siwezi kumwandalia Bibi ukoo mzima halafu bintiye awe ndiye aliyekosekana.

Bibi hajui kwamba kuna ubishi. Anajua watu wanakuja, ameanza kuuliza magodoro. Usimtajie.

Na wewe je, mnaweza kufika? Mkivuka mpaka wa Horohoro Ijumaa asubuhi mtawahi treni ya kutoka Mombasa. Nauli ni shilingi 1,500 za Kenya, si ile elfu moja uliyoizoea, ilipanda Januari 2024. Nikukatie tiketi, maana huisha upesi? Shemeji atapewa ruhusa? Yule mdogo bado anawaogopa kuku? Sinia la shaba la marehemu mama uko nalo, au lilibaki kwa Bi Khadija? Na Shangazi utamwanzaje, utaanza na sita au na Bibi? Mimi ningeanza na Bibi.

Mpigie leo baada ya isha, mchana huwa amechoka na saumu. Kisha unijulishe alivyosema, na mko wangapi, nijue nichukue kilo ngapi za nyama.

Wako,
Mishi