Kimya ulichokisikia kwenye kona ya pili

Mwanangu mpendwa,

Tangu urudi chuoni tumeongea kwa simu mara mbili, na mara zote mbili umeniuliza hali ya mguu kisha ukaaga haraka. Najua kilichokukaa moyoni. Uliniona nikianguka na pikipiki kwenye kona ya pili ya mbio zetu za udongo, injini ikanyamaza papo hapo, nawe ukadhani nimenyamaza pamoja nayo.

Kimya kile kilikuwa kazi ya kamba. Ni kamba fupi: ncha moja hufungwa kwenye kifundo cha mkono, nyingine huchomekwa kwenye swichi ya kuzimia injini, pale kwenye usukani. Mwendeshaji akirushwa, kamba inachomoka na injini inazimika, ili pikipiki isiendelee kujizungusha uwanjani ikamsaga yeye au aliye nyuma yake. Kwa hiyo ulichokisikia ndicho kilichotakiwa kusikika. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, napapasa vidole vyangu kimoja kimoja ndani ya glavu.

Kwa nini nilianguka? Mbio hizi za flati treki ukizitazama ukiwa nje ya uzio unaona duara la udongo lenye umbo la yai, kona zote za kushoto, basi. Lakini pikipiki zetu hazina breki ya mbele. Huondolewa kabisa, maana gurudumu la mbele likikabwa kwenye udongo uliolegea, uko chini kabla hujajua. Mwendo unaupunguza kwa breki ya nyuma, na kwa kuilaza pikipiki kando hadi tairi la nyuma lianze kuserereka. Hapo ndipo penye mtihani. Miaka yote ya kuendesha barabarani mkono wangu umefundishwa jambo moja: tairi likiteleza, funga mafuta. Huku ukifunga mafuta ghafla katikati ya kuserereka, tairi linashika udongo kwa mara moja na pikipiki inakurusha upande wa pili. Ndivyo ilivyonitokea. Pikipiki ilikuwa nzima, na yule kijana aliyekuwa ubavuni mwangu hakunigusa. Mkono wangu uliogopa kabla yangu.

Udongo nao ulichangia. Asubuhi humwagiwa maji, lakini kadiri matairi yanavyopita, njia moja hushindiliwa ikawa nyeusi na ngumu, na nje yake hubaki vumbi na chembechembe zisizoshika kitu. Mimi nilitanuka nikaingia huko nje. Kijana mmoja wa miaka 14 aliyenizidi mizunguko miwili alinijia baadaye akaniambia kwa upole, “Mzee, unatazama tairi lako la mbele. Tazama unakotaka kutokea.” Nimeyashika maneno yake kuliko yote niliyoambiwa siku ile.

Laiti ungeiona siku ya kwanza ya mazoezi! Walitupa vipikipiki vya 125 cc tuzunguke koni mbili. Unakaa ukingo wa kulia wa kiti, kiwiko cha kulia juu, unaisukuma pikipiki ilale kushoto huku wewe mwenyewe umebaki wima. Barabarani ni kinyume chake, mwili ndio unaotangulia kona. Mguu wa kushoto unatolewa mbele, umevishwa kiatu cha chuma juu ya buti, unaupitisha juu ya udongo bila kuukanyagia. Saa nzima nilihangaika. Kisha, mara moja tu, nikaongeza mafuta pale pale nilipotaka kuyafunga, na mgongo wa pikipiki ukazunguka taratibu ukaniweka sawasawa na njia iliyonyooka. Nilipiga kelele ndani ya kofia. Mwalimu wetu anapenda kusema hii ndiyo shule aliyopitia Kenny Roberts, aliyekuwa bingwa wa Marekani mwaka 1973 na 1974 katika mashindano yenye mbio nyingi za udongo, kisha akaenda kwenye lami akawa bingwa wa dunia wa 500 cc miaka mitatu mfululizo, 1978 hadi 1980. Sikuanza ili niwe Roberts. Nilianza kwa sababu tangu nilipokuwa na umri wako nimetamani kujua tairi linapoachia mtu anahisi nini, na sasa najua.

Sitakudanganya kwamba mchezo huu ni salama. Navaa suti ya ngozi, kinga ya mgongo na ya shingo, na bado nilichubuka nyonga na kuteguka kifundo cha mguu. Una haki ya kuogopa, mwanangu, na una haki ya kuniambia hivyo badala ya kukata simu.

Mwezi ujao nakimbia tena, kundi la wanaoanza, mizunguko minane. Kamba nimebadilisha, ile ya zamani ilianza kuchanika nyuzi. Ukipata nafasi uje unifunge wewe mwenyewe mkononi. Nitawasha injini, nawe uivute mara moja kabla sijaingia uwanjani, uisikie inavyonyamaza nikiwa nimekaa mbele yako.

Baba yako